Sinia ya Bwana Lomoro

Ukipita mtaa wa Oli, mjini Arua, saa tatu asubuhi, utaijua nyumba ya Sadiya bila kuuliza. Tazama kamba ya kuanikia nguo. Kwa jirani, kamba imebeba mashati. Kwa Sadiya, kamba imebeba majani ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, yaliyotiwa rangi. Kuna mekundu, ya kijani na ya manjano. Chini yake wanawake sita wameketi mkekani. Miguu wameinyoosha, sindano ziko mkononi, na midomo haipumziki.

Wanawake hao wanashona kawa. Kawa ni kifuniko cha chakula. Kazi hii wameirithi kwa mama zao na bibi zao. Mtaani Oli, siku ya arusi, chakula hakitoki jikoni kikiwa wazi. Kila sinia hufunikwa kawa, na wageni huanza kusifu kabla hawajaonja pilau.

Sadiya alizipenda asubuhi hizo. Lakini mwaka huu kulikuwa na kitu kilichomchoma moyo kila alipokitazama. Kilikuwa sanduku la nguo, jeusi, lenye mkanda. Lilisimama nyuma ya mlango.

Sanduku lilikuwa la mumewe, Asuman. Kwa miaka tisa Asuman aliendesha lori la mizigo kati ya Arua na Koboko, mji ulio karibu na mpaka. Kisha mwenye lori akaliuza. Tangu hapo ilipita miezi minane bila kazi ya kudumu. Siku moja alipata kibarua cha kubeba magunia sokoni. Siku tatu zilizofuata hakupata kitu. Mji wa Arua unakua, nyumba mpya zinajengwa kila upande, lakini wanaotafuta kazi nao ni wengi.

Binamu yake, Dumo, alikuwa Juba. Alipiga simu mara kwa mara.

"Asuman, kuja huku," Dumo alisema. "Huku iko kazi ya kuendesha gari. Wewe nakaa Arua kufanya nini?"

Sadiya hakutaka kusikia habari ya Juba. Kaka yake mwenyewe alikwenda huko. Kwa miaka minne wamemwona mara moja tu, tena kwa siku mbili. Mtoto wake hakumtambua, akamwita mgeni.

"Baba Shakira, usiende," Sadiya alimwambia mumewe. "Shakira iko na miaka sita tu. Atakusahau."

"Mama Shakira, mimi napenda kwenda?" Asuman alijibu. "Nikipata kazi hapa, mimi hapana kwenda mahali. Lakini tutakula nini? Majani?"

Alitaka kufanya mzaha. Hakuna aliyecheka.

Basi, ikawa arusi hapo mtaani. Mmoja wa wageni alikuwa Bwana Lomoro kutoka Koboko. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye hoteli ndogo ya chakula karibu na soko. Siku zile alikuwa anajenga hoteli nyingine, kubwa zaidi. Masinia yalipoletwa, Bwana Lomoro aliacha chakula akashika kawa. Akaigeuza juu chini, chini juu.

"Hii kofia ya chakula nani nashona?" akauliza.

"Ni sisi," Sadiya akasema.

"Mama, hii iko muzuri sana! Kwangu inzi ni mingi, na wageni natoka Congo, natoka Sudan, nataka kitu safi. Nishonee ishirini na nne. Za sinia. Nitalipa vizuri."

Wanawake walipiga vigelegele kana kwamba ni arusi ya pili. Wakagawana kazi pale pale, kawa nne kwa kila mmoja. Hawakuuliza sinia zake ni kubwa kiasi gani. Kwa nini waulize? Kila mwanamke wa Oli anajua kawa ya sinia ni shibiri mbili na vidole vitatu. Shibiri ni urefu wa kiganja kilichotanuliwa, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Ndivyo mama zao walivyowafundisha, na mama zao hawakuwa wajinga.

Usicheke bado. Mimi na wewe pia tungefanya vile vile.

Mwezi mzima walishona. Asuman aliahirisha safari. Alikwenda Aroi, nje ya mji, na baiskeli ya kuazima, akaleta mafungu ya majani. Kawa zilipokamilika zilikuwa nzuri ajabu. Sadiya na mumewe wakazifunga kwa shuka mbili, wakapanda taksi ya Koboko, yaani basi dogo la abiria. Ilikuwa Jumanne.

Hoteli ilikuwa imejaa watu. Bwana Lomoro aliwapokea kwa mikono miwili.

"Santino!" alimwita mpishi wake. "Leta sinia!"

Santino akaleta sinia ya wali, mpya, inayong'aa. Sadiya akatoa kawa ya kwanza. Ikakaa sawasawa. Watu wakapiga makofi.

Akatoa ya pili. Hiyo ilikuwa ndogo. Ilikaa juu ya wali kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee. Mtu mmoja akaguna. Sadiya akaitoa haraka, akaweka ya tatu. Hiyo ilikuwa kubwa mno. Ilimeza sinia yote ikagusa meza.

"Bwana, chakula nakwenda wapi?" Santino akauliza, akijifanya anatafuta chini ya meza.

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Hata wateja waliokuwa wakinywa chai nje waliingia kutazama. Sadiya alitamani ardhi ipasuke immeze. Walizijaribu zote ishirini na nne. Zilizofaa zilikuwa tisa.

Bwana Lomoro naye alicheka, mpaka akajifuta machozi. Kisha akawa mtu wa biashara.

"Mama, kazi yako ni muzuri. Mimi hapana kasirika. Hizi tisa nachukua na kulipa leo. Lakini sinia zangu zote ni saizi moja. Kofia kubwa, kofia ndogo, mimi nitafanya nayo nini? Hoteli mpya nafungua baada ya wiki tatu. Ukileta kumi na tano ya sawa, nitachukua. Ukikosa, nitanunua ya plastiki."

Njiani kurudi Arua, Sadiya alikumbatia shuka la kawa kumi na tano zilizokataliwa. Asuman alitazama dirishani. Walipopita Ombaci, akafungua mdomo.

"Mimi nitakwenda Juba Jumamosi," akasema polepole. "Nimeshaambia Dumo."

Sadiya alilia bila sauti. Alikuwa na aibu, alikuwa na hasira, na juu ya yote alikuwa na hofu.

Siku ya Alhamisi aliamka na neno moja kichwani: kwa nini? Wanawake ni wale wale. Majani ni yale yale. Kwa nini kawa zikataane? Akachukua kawa tatu, akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Zulaika.

Mwalimu Zulaika alifundisha ushonaji wa nguo katika chuo cha ufundi kwa miaka mingi. Sasa amestaafu, lakini bado hutembea na futi ya kupimia shingoni. Hata sokoni huenda nayo.

Alizisikiliza habari zote. Hakucheka, ila kwenye sehemu ya Santino.

"Mlipima na nini?" akauliza.

"Shibiri mbili na vidole vitatu, Mwalimu. Kama siku zote."

"Shibiri ya nani?"

Sadiya akatazama kiganja chake.

"Ita wenzako," Mwalimu Zulaika akasema. "Waambie walete mikono yao."

Wanawake wote sita wakakusanyika nyumbani kwa Sadiya. Asuman alikuwa pembeni, anafunga mkanda wa sanduku. Mwalimu akatandika gazeti mkekani.

"Kila mtu atanue kiganja hapa. Nitachora."

Walitanua mmoja mmoja, huku wakitaniana. Mwalimu alichora kila kiganja kwa kalamu. Alipomaliza, akaweka futi. Shibiri ya Madina ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Shibiri fupi kuliko zote ilikuwa ya Habuba Kadijah. Habuba ni bibi, na Kadijah ndiye habuba wa mtaa mzima, mshonaji hodari kuliko wote. Kati ya shibiri yake na ya Madina kulikuwa na tofauti ya vidole viwili.

"Mnaona?" Mwalimu akasema. "Shibiri mbili, tofauti inakuwa vidole vinne. Ndiyo maana kawa moja ni kofia na ingine ni hema."

Wote wakacheka, isipokuwa Habuba Kadijah. Yeye alisimama na kujitengeneza shuka.

"Mkono hii nafunika chakula ya arusi ya mama yako, Zulaika," akasema. "Na ya kwako. Leo nyinyi nasema mkono yangu iko na makosa?"

Mwalimu alishuka chini, akapiga magoti mbele ya bibi huyo.

"Habuba, hapana. Mkono yako haina kosa. Kwa arusi, kila nyumba ina sinia yake. Kubwa, ndogo, kila kawa inapata mwenzake. Lakini hoteli ina sinia za aina moja. Mteja huyu hanunui kawa moja nzuri. Ananunua kawa ishirini na nne zinazofanana. Hiyo ni kazi ya aina ingine."

Asuman, ambaye hakuwa ameulizwa, akainua kichwa.

"Ni kama gurudumu ya lori," akasema. "Lori iko na gurudumu sita. Moja ikizidi, lori nakwenda upande. Hata kama hiyo gurudumu iko mpya, iko muzuri, dereva atakufa nayo."

"Ahaa!" Mwalimu akapiga makofi. "Huyu ameelewa kuliko nyinyi wote. Basi tunataka kipimo kimoja, kila mtu awe nacho. Na kipimo kitoke kwenye sinia ya mnunuzi mwenyewe. Siyo kwa mkono, siyo kwa kukisia. Nani atakwenda kuileta?"

Wanawake wakamtazama Asuman. Asuman akalitazama sanduku.

"Jumamosi napita Koboko," akasema. "Nitaomba sinia moja. Nitawatumia na dereva ya taksi."

Sadiya alishukuru kwa ajili ya sinia, na moyo wake ukazama kwa ajili ya mume.

Jumamosi Asuman aliondoka alfajiri. Shakira alimshika mguu, akaachishwa kwa nguvu. Saa nane mchana Sadiya alikwenda kusubiri taksi kutoka Koboko. Taksi ikafika. Watu wakashuka. Dereva hakushika sinia yoyote. Sadiya akataka kuuliza, mara akaona sanduku jeusi linatoka mlangoni. Nyuma yake sinia inayong'aa ikatoka. Nyuma ya sinia alikuwa Asuman.

"Baba Shakira! Wewe natoka wapi?"

"Usiulize," Asuman akasema, huku anajaribu kuonekana amekasirika. "Huyu Lomoro ni mutu gani? Mimi namwambia, nipe sinia, nitatuma na taksi. Yeye nasema hapana. Nasema, sinia yangu iko mpya, dereva ya taksi mimi hapana jua. Wewe ndiyo najua, wewe mume ya yule mama. Wewe chukua, wewe rudisha. Basi nimechukua. Nitarudisha wiki tatu, halafu nakwenda Juba."

"Ndiyo, halafu utakwenda," Sadiya alisema kwa upole. Alikuwa na furaha hata akasahau kumsaidia sanduku.

Kesho yake kazi ilianza. Asuman alitafuta waya mnene wa seng'enge. Aliuzungusha kwenye sinia, akaukata ukiwa na ziada kidogo, akaunganisha ncha. Ikawa pete. Akatengeneza pete sita, zote kwa sinia ile ile.

"Kawa ipite kidogo nje ya sinia, isije ikadumbukia ndani," Mwalimu Zulaika akasema.

"Ipite kidole moja?" Madina akauliza.

"Kidole ya nani?" wote wakaitikia pamoja, wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Mwalimu akaondoa futi shingoni. Walikubaliana sentimita mbili, na Asuman akafungua ncha akapanua pete zote kwa futi.

Ilibaki pete ya Habuba Kadijah. Bibi alikuwa hajaja tangu Alhamisi. Asuman alikwenda kwake na pete zote sita begani. Hakumwambia achukue. Alikaa chini tu, akamsalimia, akaulizia magoti yake.

"Habuba, mimi ni dereva," akasema. "Macho yangu najua barabara. Nimetengeneza hizi, lakini sijui kama iko duara kweli. Wewe tazama."

Habuba alizitazama moja moja. Akatupa mbili.

"Hii iko na kona," akasema. "Na hii ni yai, siyo duara. Wewe naona yai hapa?"

"Naona sasa, Habuba."

"Ngoja nikuonyeshe." Akakamata waya kwa vidole vyake vifupi, akaukanda taratibu, ukawa duara kamili. Hakuirudisha ile pete. Aliiweka mapajani mwake, akaomba sindano.

Kuanzia siku hiyo, Habuba alikuwa mkaguzi. Mwalimu aliwafundisha jambo moja ambalo ningependa ulikumbuke nawe, hata kama kazi yako ni kutengeneza viti au kuoka mandazi. Usingoje mwisho ndipo upime. Kila siku, kabla ya kuweka sindano chini, kila mwanamke aliweka kawa yake juu ya pete. Ikianza kukimbia kipimo, aliifumua palepale, mistari miwili tu. Kufumua mistari miwili hakumuumizi mtu. Kufumua kawa nzima kunatoa machozi.

Kawa ya kwanza ilitoka mkononi mwa Habuba baada ya siku nne.

"Tumalize na zingine?" Sadiya akauliza.

"Bado siku moja," Mwalimu akajibu. "Hii ni kielelezo. Mpelekeeni mnunuzi aione kwanza. Akisema ndiyo, mwandike mkataba kwenye karatasi. Ngapi, kubwa kiasi gani, rangi gani, siku gani, bei gani. Yeye atie sahihi, na nyinyi mtie."

Asuman akaenda Koboko na kawa moja. Bwana Lomoro aliiweka kwenye sinia. Akaiweka kwenye sinia nyingine, na nyingine tena. Santino alitafuta cha kufanyia mzaha, akakosa. Bwana Lomoro akatia sahihi.

Wiki zile zilizobaki Oli kulikuwa na raha. Asuman alikwenda Aroi kuleta majani, akachemsha rangi, akaanika. Alikagua pete zisipinde. Shakira alikaa karibu naye, mikono yake ikawa ya kijani hadi viwikoni. Dumo alipiga simu mara mbili. Asuman alimjibu kwa ufupi kwamba ana kazi kidogo ya kumaliza.

Na zile kawa kumi na tano zilizokataliwa? Madina alizipeleka soko la Arua. Nyumbani kila mtu ana sahani yake. Kawa ndogo ilimpata mwenye bakuli, kubwa ikampata mwenye sinia ya ukoo. Siku tatu, zikaisha kumi na nne. Ile ndogo kabisa Shakira aliificha. Ni kofia yake hadi leo.

Siku ya hoteli mpya ikafika. Wanawake wote sita walikwenda Koboko, wamevaa kama wanakwenda arusini. Meza zilipangwa, masinia yakaletwa, na Habuba Kadijah mwenyewe akayafunika, moja baada ya lingine. Ishirini na nne, zote sawasawa. Watu hawakucheka. Walianza kuuliza zinatoka wapi. Mwenye hoteli ya jirani alitaka thelathini. Mama mmoja mfanyabiashara, anayevuka mpaka kila wiki, alitaka kumi za kuanzia.

Unataka kujua walipata pesa ngapi? Waulize wenyewe. Mimi nitakuambia nilichokiona. Sadiya alilipa kodi ya nyumba. Madina alibadilisha mabati yaliyovuja. Habuba alinunua kilo mbili za nyama, akaila na wajukuu bila kumpa jirani, halafu akajuta akanunua nyingine. Kikundi kilikubaliana kwamba Asuman naye ni mwanachama. Yeye huleta majani, hutunza vipimo na kupeleka mali. Fungu lake ni sawa na la wengine. Siyo utajiri, lakini kila mwezi linakuja.

Jioni ya siku ile, kabla hawajaondoka, Asuman alimrudishia Bwana Lomoro sinia yake. Ilikuwa imesuguliwa, inang'aa.

"Hapana," Bwana Lomoro akasema. "Kaa nayo. Nitataka kofia ingine. Siku ukiacha kazi, ndiyo utarudisha."

Wiki iliyofuata Dumo alipiga simu tena. Asuman aliiweka simu kwa sauti kubwa, kwa sababu mikono yake ilikuwa na rangi.

"Ndugu yangu, ile kazi bado iko!" Dumo akasema. "Wewe nakuja lini?"

Asuman alitazama ukutani. Sinia ilining'inia pale kwenye msumari.

"Mimi hapana weza, Dumo," akajibu. "Iko sinia ya mutu hapa kwangu. Nikienda, nani atarudisha?"

"Sinia? Sinia tu? Rudisha leo, kesho kuja!"

"Ndugu, hii sinia hapana rudi haraka."

Sadiya alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akalichukua sanduku jeusi, akalifungua. Akatoa mashati ya mumewe, akayatundika kwenye kamba. Na ndani ya sanduku akapanga majani makavu, mekundu upande huu, ya kijani upande ule, yasije yakanyeshewa.